Mstari Wanaujua, Kisa Hawakijui: Kipindi cha Biblia Darasa la Kwanza

SWALI: "Ninafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya kanisa hapa Tanzania. Watoto ni 54, wengi wana miaka sita. Tuna vipindi vitatu vya Biblia kwa wiki, kila kimoja dakika 30. Huwa tunaimba, nasoma kisa, tunakariri mstari, kisha wanapaka rangi picha. Wiki inayofuata nikiuliza tulijifunza nini, mstari wanautoa kwa sauti moja vizuri kabisa, ila kisa hawakijui, na karibu kila swali wananijibu 'Yesu'. Mwenzangu wa darasa la pili, mwenye watoto 43, ameshauri tuunganishe madarasa kipindi cha Biblia: mmoja afundishe wote, mwingine asahihishe madaftari. Fedha za zana hatuna. Pia nina watoto wachache wa Kiislamu na sijui niwashirikishe kwa kiasi gani. Naomba mwongozo."

JIBU: Pole na kazi, Mwalimu. Watoto 54 wa umri huo wanachosha hata kabla hujafungua andalio la somo, na bado umeona jambo ambalo wengi hawalioni: kwamba darasa linaweza kuitikia vizuri na lisiwe limejifunza. Nianze na hilo, kwa sababu suala la kuunganisha madarasa linategemea jibu lake.

Watoto wako si wazito, wala hawakosi upendo wa Neno. Tatizo liko kwenye kuitikia kwa pamoja. Darasa likisema mstari kwa sauti moja, wachache wanaoujua ndio wanaoongoza, na waliobaki wanadaka sauti ya jirani nusu sekunde baadaye. Mwalimu anasikia sauti 54, lakini vichwa vinavyofanya kazi huenda ni kumi. Unaweza kulipima kesho: mwombe mtoto mmoja aseme mstari peke yake, au uanzie katikati uone nani anaendelea. Jambo hukaa kichwani mtoto anapolitafuta mwenyewe kwenye kumbukumbu na kulipata, bila kusikia kwa mwenzake. Akilitafuta tena baada ya siku mbili, tena baada ya wiki, linazidi kukomaa. Wimbo na kiitikio havina ubaya, vinashika maneno na mpangilio wake. Maana inahitaji kazi nyingine.

Hilo jibu la "Yesu" nalo lina sababu. Mtoto wa miaka sita husoma uso wa mwalimu haraka sana. Akishagundua kwamba kwenye kipindi hiki jina moja humpendeza mwalimu kila mara, kwa nini ajisumbue? Maswali kama "Nani anatupenda?" au "Nani alimsaidia?" yanamzoesha hivyo. Uliza maswali ambayo jina hilo haliwezi kuyajibu: alifanya nini kwanza? Alikuwa wapi? Kwa nini aliwasha taa? Ungekuwa jirani yake, ungemwambia nini? Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumtaja mtu yeyote. Hizo sekunde tano ni ngumu kwa mwalimu, lakini ndizo zinazowapa nafasi wale wanaofikiri polepole. Mikono ya haraka ikipewa nafasi kila mara, wengine wanaacha kutafuta kabisa.

Kuna jambo la tatu, nalo ni la lugha. Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, ina Kiswahili kizuri, lakini sentensi zake ni ndefu na baadhi ya maneno mtoto hayasikii nyumbani. Kumsomea sura moja kwa moja mtoto ambaye bado anaunganisha silabi ni kumpoteza kwenye aya ya pili. Simulia kwa maneno yako, Biblia ikiwa wazi mkononi ili waone kisa kinatoka wapi, kisha uwasomee sentensi moja tu kama ilivyoandikwa. Kisa cha maneno 150 hadi 200 kinatosha. Mstari wa kukariri usizidi maneno matano au sita. "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni mzigo wa kutosha kwa wiki nzima.

Sasa badiliko kubwa ninalokushauri: vipindi vyote vitatu vya wiki vibebe kisa kimoja. Kama kila kipindi huwa na kisa chake, unawapa watoto visa vitatu kwa wiki na kimoja kinafuta kingine. Wazazi hulalamika kidogo, wakuu wa shule huuliza kama azimio la kazi litakamilika. Likamilishe kwa kupunguza visa. Visa kumi au kumi na viwili ambavyo mtoto anaweza kusimulia mwenyewe mwisho wa muhula vina thamani kuliko thelathini alivyopaka rangi. Sofia Cavalletti, aliyeanza kufundisha watoto wadogo imani huko Roma mwaka 1954 akishirikiana na Gianna Gobbi, mwalimu wa mbinu ya Montessori ambayo mtoto hujifunza kwa kushika vitu, alitumia vitu vichache vidogo vya mbao, vilevile mara kwa mara, mtoto akirudiarudia kisa kwa mikono yake. Huhitaji mbao, Mwalimu, lakini kurudia unakuhitaji.

Nichukue kisa kimoja nikioneshe hadi mwisho, kwa sababu hapo ndipo swali la kushirikiana na mwenzako linapopata jibu. Luka 15 ina mwanamke mwenye sarafu kumi akapoteza moja, na mchungaji mwenye kondoo mia akapoteza mmoja. Darasa la kwanza wapewe sarafu kumi, darasa la pili wapewe kondoo mia. Ni sura moja, ujumbe mmoja, na mstari mmoja unaotokea katika visa vyote viwili: "Furahini pamoja nami." Ila hesabu na usomaji vinalingana na umri wa kila darasa.

Kabla ya kufundisha, wewe na mwenzako mkubaliane kisa kinasema nini. Wengi hukimalizia kwa "kwa hiyo watoto, tutunze vitu vyetu tusivipoteze." Hilo ni onyo la nyumbani, halimo kwenye sura. Mafarisayo na waandishi walikuwa wananung'unika kwamba Yesu anawapokea wenye dhambi na kula nao, naye akawajibu kwa visa hivi. Sarafu haifanyi lolote ili ipatikane. Anayewasha taa, kufagia na kutafuta kwa bidii ni mwanamke, na mwisho wa kisa ni furaha na majirani. Kwa mtoto, sentensi moja inatosha: Mungu huwatafuta watu, na akiwapata hufurahi. Usimuulize "sarafu ni nani?" Akili ya umri huu inashika vitu vinavyoonekana. Mtoto atakwambia sarafu ni sarafu, na yuko sahihi. Vilevile misemo kama "mfungulie Yesu moyo wako" humfanya afikirie mlango kifuani. Sema unachomaanisha moja kwa moja.

Zana. Kusanyeni vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Kila mtoto wa madarasa yote mawili akileta kimoja mnapata 97, vitatu mnajazia wenyewe, na mia hiyo inawatosha wote wawili kwa kupokezana. Vizibo vya chuma vya soda viacheni, kingo zake hukata vidole. Osheni vifuniko kwa sabuni, na waambieni watoto mapema kwamba haviingii mdomoni. Tafuteni pia bahasha kumi za kaki zilizotumika, manila moja, na gundi ya unga. Gundi hiyo koroga nusu kikombe cha unga wa ngano au wa muhogo kwenye nusu kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe, mimina polepole kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, endelea kukoroga dakika mbili au tatu, ongeza kijiko kidogo cha chumvi, ipua. Ukianza kumwaga unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge yasiyoyeyuka. Inakaa siku mbili, tatu kwenye joto letu, ikianza kunuka mwaga.

Jumatatu, gawa watoto wako vikundi tisa vya watu sita, viongozi wakiwa wale wale wiki nzima. Kila bahasha iwe na vifuniko tisa. Cha kumi kibandike chini ya dawati la kikundi hicho wakati wa mapumziko, watoto wakiwa nje. Dakika tatu wimbo na kutulia. Dakika sita kisa. Waeleze kwamba sarafu ile ilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku nzima, ili waelewe kwa nini hakuiacha tu, na kwamba ndani ya nyumba palikuwa na mwanga mdogo, ndiyo maana akawasha taa. Kisha dakika kumi na mbili za kuhesabu na kutafuta: kiongozi anatoa vifuniko kimoja kimoja, kikundi kinahesabu kwa kugusa, na kila kikundi kinagundua vimefika tisa. Wewe unauliza, "Mwanamke alifanya nini?" Wakishajibu, piga makofi mara mbili, watafute. Wakipata, wanainua mikono na kusema "Furahini pamoja nami!"

Hapa ndipo kipindi huharibika, kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni watoto 54 kutawanyika chumba kizima, kwa hiyo sema mapema kwamba sarafu ya kila kikundi imo kwenye eneo lake tu, na anayevuka anakaa chini. Ya pili ni mwalimu kuanza kugawa zana huku akieleza shughuli. Eleza kwanza, waulize watoto wawili warudie maelekezo, ndipo viongozi waje kuchukua bahasha. Mgawo wa mwalimu mmoja kwenda dawati hadi dawati hula robo ya kipindi. Ya tatu ni kukosa ishara ya kumaliza. Chagua ishara moja ya sauti, ngoma au kengele ndogo, itumie kwa jambo hilo tu, na uizoeze mara tatu kabla ya kugawa chochote. Mtoto mmoja wa kikundi atapata sarafu na kutaka sifa zote, nalo ni la kawaida. Rudisha macho ya kikundi kwenye kufurahi pamoja, ndivyo kisa kilivyo.

Dakika sita zinazofuata ndizo ninazozithamini kuliko zote. Watoto wageukiane wawili wawili. Wa kwanza anasimulia kisa hadi sarafu ilipopotea, wa pili anamalizia. Kwa njia hii watoto wote 54 wanasimulia ndani ya dakika chache. Ukimwinua mmoja mmoja, watano tu watasema na 49 watasubiri, na kusubiri ndiko kunakozaa fujo. Mtoto anayezungumza Kisukuma au Kihehe nyumbani na bado Kiswahili chake ni chembamba, mwache asimulie kwa lugha yake kwa mwenzake anayeijua. Unachopima ni kama kisa kimo kichwani. Malizia na sala fupi, dakika tatu.

Jumatano usisimulie tena. Anza na "Nani alipoteza nini?" uone wanachokumbuka bila msaada, hata kama watakwama. Kukwama kidogo na kisha kukumbuka ndiko kunakojenga. Baada ya hapo bandika manila yenye sentensi hizi: Mama ana sarafu kumi. Moja imepotea. Mama ana taa. Mama anafagia. Anatafuta. Amepata! Angalia vizuri: hakuna silabi hata moja hapo yenye konsonanti mbili zilizofuatana. Mtoto aliyepita ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma kisa chote mwenyewe, na furaha anayopata hapo ni kubwa kuliko ya pipi yoyote. Neno kama "mchungaji" lingemkwamisha, ndiyo sababu nyingine ya kuwaachia darasa la pili kondoo. Onyesha kila neno kwa fimbo ndogo, soma polepole pamoja nao mara moja, kisha kikundi kimoja kimoja, kisha ufunike neno moja kwa karatasi na uulize lipi limefichwa.

Kipindi hicho hicho kiwe na picha nne za kuchora kwa mkono: mwanamke akihesabu, akifagia na taa, akipata, akifurahi na majirani. Zichanganye, watoto wazipange. Michoro ya vijiti inatosha, usisubiri kuwa fundi.

Ijumaa ni kuigiza na kuchora. Kuhusu kupaka rangi, sikukatazi, lakini picha iliyochapwa tayari haimdai mtoto chochote kuhusu kisa. Mpe nafasi tupu, achore sehemu anayoikumbuka zaidi. Karatasi moja ya A4 ikikatwa nne, karatasi 14 zinatosha watoto 54, na huhitaji fotokopi. Wakiwa wanachora, ita watoto sita mezani kwako, mmoja mmoja, kwa dakika moja na nusu. Apange zile picha nne na akusimulie. Andika alama tatu tu kwenye daftari lako: anasimulia mwenyewe, anasimulia kwa kusaidiwa, bado. Kwa wiki tisa umewasikia wote, na unapozungumza na mzazi una jambo la kweli la kusema. Zawadi za pipi kwa wanaokariri ziache kabisa. Zinawazoesha watoto kutafuta pipi, na wale wanaochelewa wanajifunza mapema kwamba Neno la Mungu ni la wenye akili nyepesi.

Sasa pendekezo la mwenzako. Haja yake ni ya kweli: madaftari 97 si utani. Lakini ukiunganisha madarasa, kila kitu nilichoeleza hapo juu kinakufa. Kuwakalisha watoto 97 peke yake kunakula dakika saba, nane. Watakaozungumza ni wale wale wachache, wa darasa la kwanza watafunikwa na wakubwa wao, na mwalimu atarudi kwenye njia pekee inayowezekana kwa umati, yaani kuitikia kwa pamoja. Tatizo lako la leo litaongezeka mara mbili. Unganisheni maandalizi, watoto wabaki kwenye madarasa yao.

Inafanyika hivi. Kila mmoja wenu anaandaa kisa kimoja ndani ya bahasha kubwa: kisa kilichoandikwa kwa maneno ya kawaida, sentensi za manila za madarasa yote mawili, picha nne, maswali manne, zana, na nusu karatasi tupu. Wiki ya kwanza kila mmoja anafundisha alichoandaa. Wiki ya pili mnabadilishana bahasha. Kwenye ile nusu karatasi aliyetangulia ameandika kilichoharibika na wakati gani, kwa mfano "kuhesabu kulichukua dakika tano zaidi" au "kikundi cha dirishani hakikuona manila". Muhula wa wiki 12 unawadai visa sita kila mmoja badala ya 12, na anayefundisha wa pili anapokea somo lililokwisha kujaribiwa. Muda mnaookoa ndio wa madaftari. Kama shule yenu ina vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), leteni bahasha moja pale muijadili na walimu wengine, kwani ndicho kitu hasa vikao hivyo vinahitaji: somo halisi mezani.

Kuna njia ya pili, kubadilishana madarasa: wewe unafundisha kisa chako darasa la kwanza kisha la pili, naye hivyo hivyo. Inaboresha usimuliaji, maana mara ya pili huwa bora. Lakini inahitaji ratiba inayokubali, na watoto wadogo huchukua muda kumzoea mwalimu mpya. Ningeichukua muhula wa pili, si sasa.

Kwa sarafu na kondoo, mwenzako na watoto wake 43 awe na vikundi kumi, saba vya wanne na vitatu vya watano, kila kimoja na vifuniko kumi. Kabla ya kipindi anaondoa kifuniko kimoja kwenye bahasha moja. Darasa linahesabu makumi: makumi tisa kamili, na kundi moja lina tisa. Tisini na tisa. Hapo hesabu na kisa vinakutana bila kulazimishwa, na mtoto anaona kwa macho yake kwamba mmoja akikosekana mia haipo. Union Version inasema "tisini na kenda". Awaambie kenda ni tisa, aendelee.

Kukutana pamoja kuwepo mara moja kwa mwezi, dakika 20, walimu wote wawili ndani. Darasa la pili waigize, la kwanza waitikie. Au, nami napenda hili zaidi, kila mtoto wa darasa la pili amsomee mdogo wake chini ya mti sentensi nne za kisa kwenye kipande cha karatasi. Kwa idadi yenu kutakuwa na makundi 43, na 11 kati yake yatakuwa na watoto wawili wa darasa la kwanza. Badilisheni mpangilio wa sentensi kwenye karatasi tofauti, la sivyo wakubwa watasema kwa kichwa bila kusoma.

Kama wiki fulani hamna zana kabisa, chukueni Yesu kutuliza dhoruba, Marko 4:35 hadi 41. Mvua inatengenezwa kwa mikono: kidole kimoja juu ya kiganja, viwili, vitano, kupiga mapaja, kukanyaga sakafu. Safu moja inavuma upepo. Mtoto mmoja analala kwenye "mashua" ya madawati mawili. Akisema "Nyamaza, utulie", sauti zote zinakatika kwa mpigo. Zoezeni kukatika huko mara mbili kabla ya kuigiza. Ombi langu ni moja: maneno hayo yasitumike baadaye kunyamazisha darasa. Yakigeuka amri ya mwalimu, mtoto hatayasikia tena kama maneno ya Yesu kwa watu walioogopa. Kwa sababu hiyo hiyo, fimbo na vitisho vya moto wa jehanamu visiingie kwenye kipindi hiki. Na katika maigizo, usimpe mtoto yule yule nafasi ya mwovu kila wiki, kwa sababu wenzake watambatiza jina hilo hadi uwanjani.

Kuhusu watoto wa Kiislamu, anza na mkuu wa shule: wazazi wao waliambiwa nini walipowaandikisha? Kama wanajua na wamekubali watoto wakae kwenye kipindi, mtoto anaweza kusikiliza, kuhesabu, kusoma manila, kupanga picha na kuchora kama wengine. Sala na kukiri imani visiwe sharti. Wakati wa sala anaweza kukaa kimya, na darasa zima lifundishwe kwamba kukaa kimya kwa heshima kunakubalika. Usimwite mbele aombe kwa jina la Yesu, wala usimuulize mbele ya wenzake "kwenu mnasemaje?" Kama mzazi hataki akae, mtafutieni mahali penye usimamizi na kazi ya kusoma. Asiachwe kuzurura nje kama aliyeadhibiwa.

Yapo mambo yanayozidi darasa. Mtoto ambaye kila wiki hawezi kusimulia, anatazama wenzake kabla ya kufanya chochote, au anageuza sikio upande mmoja, simama nyuma yake kama mita moja umwite kwa sauti ya chini, siku mbili tofauti. Asipoitika, zungumza na mzazi aende naye kituo cha afya akapimwe masikio. Anayekunja macho akitazama manila, macho yake yapimwe. Hicho si kipimo cha daktari, ni sababu ya kumpeleka.

Visa vya kupotea na kupatikana navyo hugusa majeraha. Mtoto anaweza kusema, "Mama yangu aliondoka na hakupatikana." Usimwambie aombe tu, atarudi, kwa sababu hulijui hilo. Mwambie umemsikia, kaa naye baadaye, na umweleze mwalimu wa malezi. Akisema jambo la kuumizwa au kuguswa vibaya, usimhoji mbele ya darasa, usiahidi kuficha siri, andika maneno yake kama alivyoyasema siku ile ile, na umfikishie mkuu wa shule na ofisi ya ustawi wa jamii. Lipo pia Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na simu ya watoto namba 116. Kama unayemwogopa katika jambo hilo ni mtu wa shule au wa kanisa, piga 116 moja kwa moja bila kupitia kwa mtu anayemfahamu.

Anza na sarafu wiki ijayo, mwenzako aanze na kondoo. Ijumaa jioni kaeni dakika 15 na zile nusu karatasi mbili, mrekebishe kilichokwama kwanza, ndipo mbadilishane bahasha. Yeye akichukua sarafu yako, Luka 15:8 hadi 10, awape watoto wake waandike sentensi tatu za kwao wenyewe badala ya kusoma zako. Wewe ukichukua kondoo, punguza mia iwe kumi.